KOFIA YA BUSTANI: NAMNA YA KUISHONA NA KUIPAMBA

Katika ukurasa huu wa kazi za nyumbani husemwa mara kwa mara habari za jembe, za mbegu na za samadi. Leo twataka kusema habari ya chombo kingine cha bustani, ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni chombo. Chombo hicho ni kofia. Jamaa nyingi zina majembe matatu au manne, yamenolewa na kutiwa mipini mizuri. Lakini ukiuliza, "Kofia ya kulimia iko wapi?" utaonyeshwa kitambaa kilichochakaa, au kofia ndogo yenye mdomo mbele ambayo kijana mmoja aliiacha alipohamia mjini. Pengine hutaonyeshwa kitu chochote.

Kofia ya bustani hainunuliwi kwa fedha nyingi. Majani ya kuisuka yanaota katika mabonde yetu, na mikono inayojua kusuka mkeka inajua tayari nusu ya kazi. Kwa hiyo tutaeleza namna ya kuisuka, ya kuishona na ya kuipamba. Lakini kwanza yatupasa kufahamu sababu, maana afanyaye kazi bila kujua sababu huiacha katikati.

Baridi ya milimani hudanganya

Watu wa Kivu husema, "Kwetu kuna baridi, jua letu haliumizi." Neno hili si kweli. Joto ni jambo moja, na miali inayounguza ngozi ni jambo jingine. Miali hiyo, ambayo wataalamu huiita urujuanimno, haionekani kwa macho wala haisikiki mwilini wakati inapotupiga. Tena kadiri mtu apandavyo juu, hewa huwa nyepesi, nayo huzuia miali kidogo tu. Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha ya kuwa kila tukipanda mita 1,000, nguvu ya miali hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mji wa Bukavu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, tena hauko mbali na ikweta. Mawingu mepesi nayo hayaizuii yote. Basi mama anayepalilia maharagwe yake mlimani, huku akijifunika kanga kwa sababu ya ubaridi, apigwa na jua bila kujua. Saa zilizo mbaya zaidi ni kuanzia saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi ya alasiri.

Ngozi nyeusi ina rangi inayoikinga kwa kiasi. Rangi hiyo huitwa melanini. Hata hivyo mtu mweusi naye huumwa kichwa, hukaukiwa maji mwilini na kuchoka macho akilima bila kofia. Lakini katika jamaa nyingine huzaliwa mtoto ambaye mwili wake hautengenezi rangi hiyo, au huitengeneza kidogo sana. Huyo ni mtoto mwenye ualbino. Wengi wamezoea kumwita kwa majina ya dharau. Majina hayo tuyaache. Wala mama yake asilaumiwe, kwa kuwa hali hiyo hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja, hata kama wote wawili ni weusi kabisa. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana.

Ngozi ya mtoto huyu huungua kwa muda mfupi. Akiungua leo na kesho na mwaka ujao, hutokwa na vidonda visivyopona, na baadaye vidonda hugeuka saratani. Hapa Afrika saratani ya ngozi imewaua wengi wao wangali vijana. Nayo huanzia mara nyingi usoni, masikioni, midomoni na shingoni, yaani mahali pale pale ambapo kofia nzuri hutia kivuli.

Kwa nini kofia hufichwa majanini

Wazazi wengi wamekwisha kuambiwa maneno hayo na waganga wa hospitali, nao wametii. Wametafuta kofia, wamempa mtoto. Mtoto huivaa mpaka kwenye kona ya njia, kisha huivua na kuificha majanini. Jioni huiokota tena na kurudi nayo kichwani, lakini mashavu mekundu yasema ukweli. Baba hukasirika, na pengine hushika fimbo.

Baba mpenzi, weka fimbo chini kwanza, uitazame ile kofia. Ni kuukuu, ni ya babu, inamwangukia puani, nayo imetoboka. Tena ni yeye peke yake aliyelazimishwa kuvaa. Ndugu zake waenda kichwa wazi. Wenzake wamekwisha kumcheka kwa ajili ya ngozi, na sasa wamepata neno la pili la kumchekea. Mtu mzima angeweza kustahimili. Mtoto wa miaka minane hawezi.

Kutokana na hayo twaona ya kuwa kuipamba kofia ni sehemu ya kuitengeneza. Kofia isiyopendwa haivaliwi, na kofia isiyovaliwa haimkingi mtu, hata ikiwa imesukwa kwa ustadi namna gani. Mama atakayefuata maelezo yafuatayo ayakumbuke hayo tangu ukili wa kwanza.

Kofia ina paa, ukuta na upenu

Tuifananishe kofia na nyumba. Juu kuna paa, katikati kuna ukuta unaozunguka kichwa, na chini kuna upenu unaotoka nje kutia kivuli. Upenu ndio ulio na maana kubwa. Kofia yenye mdomo wa mbele tu yafunika paji la uso, bali yaacha masikio na shingo. Upenu mzuri huzunguka pande zote, nao upana wake usipungue sentimita 8, yaani vidole vinne vya mtu mzima vikiwekwa pamoja.

Jambo la pili ni msuko. Inua kofia juu, uitazame kwa ndani kuelekea mwanga. Ukiona vitundu vingi vya nuru kama chujio, ujue ya kuwa jua nalo litapita hapo hapo. Kofia kama hiyo yafaa kupambia ukuta wa nyumba, haimfai mtoto mwenye ualbino. Au basi itiwe kitambaa cha pamba kwa ndani.

Majani na chane

Majani yaliyo mema ni ya mkindu, unaoota kando ya mito na mabonde. Mahali penye milala au rafia, hayo nayo yafaa. Pasipo na yoyote, wako wanaotumia maganda ya mahindi au maganda makavu ya mgomba. Kofia zake si ngumu sana kwa mvua, lakini mwanafunzi anayejifunza aweza kuanzia hapo.

Chukua majani machanga ambayo bado hayajafunguka, maana ndiyo laini na meupe. Usikate machipukizi yote ya mti mmoja. Chukua moja hapa na jingine kule, ili mwakani upate tena. Yaanike juani siku kadhaa, na usiku uyaingize ndani yasipigwe na umande. Yakikauka, yapasue kwa sindano kuwa chane zenye upana ulio sawa, milimita 4 hivi. Usawa huu una faida kubwa kuliko haraka. Chane moja ikiwa nene na nyingine nyembamba, ukili hujipinda kama njia ya ng'ombe.

Kabla ya kusuka, loweka chane kidogo au zifunge katika kitambaa chenye maji, ili zisikatike. Suka ukili wa chane saba. Utapata utepe wenye upana wa sentimita 2 hivi. Chane ikikaribia kuisha, ingiza mpya juu yake kabla haijaisha, nawe uendelee. Kwa kofia ya mtu mzima wahitaji ukili wa mita 11 au 12. Kwa mtoto wa shule mita 9 zatosha. Jamaa ikisuka pamoja jioni, kila mtu kipande chake, kazi hiyo haichukui siku nyingi. Wavulana nao wasuke. Si kazi ya wasichana peke yao.

Kushona

Twaa kamba, upime kichwa cha mvaaji juu kidogo ya masikio. Tuseme umepata sentimita 56. Ongeza 2 kwa ajili ya kitambaa cha ndani, zitakuwa 58. Paa la kofia hiyo litakuwa na upana wa sentimita 18 na nusu kutoka upande hata upande.

Anza katikati ya paa. Kunja ncha ya ukili, uizungushe kama ganda la konokono, na kila mzunguko uulalie ule uliotangulia kwa nusu sentimita. Shona hapo penye kulaliana kwa sindano nene na uzi wa nguvu. Mishono iwe midogo na ya karibu. Paa lilale sawasawa mezani. Likiinuka kama kikombe, umevuta mno.

Upana uliopimwa ukitimia, geuza kazi. Sasa vuta ukili kwa nguvu, nao utashuka wenyewe na kuwa ukuta. Mizunguko 6 au 7 yatosha. Jaribu kofia juu ya sufuria iliyofunikwa chini juu, yenye ukubwa wa kichwa, ili ukuta usipinde.

Kisha huja upenu, ambapo wanafunzi wengi hushindwa. Hapa usivute tena, legeza. Kila mzunguko wa upenu ni mrefu kuliko uliotangulia kwa sentimita 9 hivi, na urefu huo lazima uutie kidogo kidogo kote, usiutie mahali pamoja. Upenu ukiinuka juu kama bakuli, umekaza mno. Ukienda mawimbi kama jani la kabichi, umelegeza mno. Fumua mzunguko mmoja, urudie. Mizunguko 6 itakupa upenu wa sentimita 9. Mwisho wa ukili uufiche chini na kuushona mara mbili. Nyunyizia kofia maji, ulaze upenu kati ya mbao mbili na jiwe juu yake usiku mmoja.

Ndani ya ukuta shona kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 4, ili kinywe jasho. Ukishone kwa mishono mirefu, maana yapasa kukitoa na kukifua. Tia na kamba mbili za kufunga chini ya kidevu kwa fundo jepesi, kwa ajili ya upepo. Kwa mtoto mwenye ualbino ongeza kipande cha kitambaa kizito nyuma, kinachoning'inia toka upenu mpaka mabegani.

Kupamba

Wako watakaosema, "Bustanini hakuna mtu wa kututazama, mapambo ni ya Dominika." Hao wamesahau mambo ya kwetu wenyewe. Warega wa Kivu na Maniema, katika chama chao cha Bwami, walizipamba kofia zao kwa simbi, ushanga, vifungo na mkia wa tembo, na kila kofia ilitangaza daraja ya mwenye kuivaa. Wakuba wa Kasai wamejulikana mbali kwa kudarizi vitambaa vya rafia. Kwa babu zetu kofia isiyo na pambo ilikuwa kazi isiyokwisha.

Wako na vijana wanaosema ya kuwa kofia ya majani ni ya watu wa nyuma. Hao tuwajibu kwa mifano miwili. Nchi ya Lesotho ilipobadili bendera yake mwaka 2006, iliweka katikati yake mokorotlo, kofia ya majani ya Wasotho. Na kofia za Ekuado, ambazo ulimwengu huziita kofia za Panama, zasukwa kwa majani ya mmea uitwao toquilla. Mwaka 2012 UNESCO iliuandika ususi huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mataifa hayo hayakuona haya.

Basi kuna namna tatu za kupamba zilizo rahisi.

Namna ya kwanza ni rangi katika ukili wenyewe. Kabla ya kusuka, chemsha baadhi ya chane pamoja na rangi za dukani. Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri ya njano, lakini jua huifisha upesi. Majani ya chai hutoa hudhurungi. Katika chane saba, mbili zikiwa za rangi, ukili wote hupata madoa yanayofuatana. Ukishona, madoa hayo huzunguka kofia kama nyota.

Namna ya pili ni utepe wa kitenge kuzunguka ukuta. Kipande cha sentimita 70 chatosha. Uushone mahali panne tu, ili uweze kubadilishwa.

Namna ya tatu ni kudarizi upenu kwa uzi wa rafia au wa sufu: majani, ndege, au herufi ya kwanza ya jina la mtoto. Pitisha sindano katika nafasi za msuko. Usitoboe majani, maana kila tundu ni dirisha la jua. Usitumie waya, kwa sababu hushika kutu. Vitu vizito navyo tuviache, maana huvuta upenu chini, na vitu vinavyometameta huumiza macho.

Kuna pambo moja ambalo ni dawa pia. Chini ya upenu shona kitambaa cheusi au cha buluu nzito. Nuru ya jua hurudi juu kutoka udongo mkavu na maji, nayo hupiga macho kwa chini. Rangi nyeupe chini ya upenu huirudisha machoni, bali rangi nzito huinyonya. Mtoto mwenye ualbino ana macho yanayoumizwa sana na mwanga; kitambaa hicho chaweza kumpatia raha ambayo hawezi kuieleza.

Sasa twarudi kwa yule mtoto wa kona ya njia. Mama asimpambie bila kumwuliza. Ampe vipande vya vitenge, amwambie, "Mwanangu, chagua." Akichagua chekundu ambacho mama hakipendi, na kiwe chekundu. Tena, hili ndilo kubwa, asishone kofia moja. Awashonee watoto wote wa nyumba, kila mmoja kwa rangi yake. Watoto watano wakienda bustanini na kofia tano, hakuna mtu atakayeuliza kwa nini mmoja amevaa. Mtoto mwenyewe hataambiwa tena, "Vaa, kwa sababu wewe ni wa namna hii." Ataambiwa, "Vaeni, twende tukapalilie."

Neno kwa walimu wenzangu

Sisi walimu tumefundishwa, nasi tumefundisha, ya kuwa mtoto mwenye adabu huvua kofia mbele ya mkubwa. Desturi hiyo ni njema. Lakini adabu ni kwa ajili ya kuwaheshimu watu, nayo haiwezi kumtaka mtoto aunguzwe ili sisi tupate heshima. Mwanafunzi mwenye ualbino akisimama mstarini uwanjani asubuhi, au akimwagilia bustani ya shule, avae kofia yake, na mwalimu aseme mbele ya wote kwamba amempa ruhusa. Darasani akae mbele karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, lakini asikae penye dirisha linaloingiza jua. Saa ya kazi ya bustani ibadilishwe, iwe asubuhi na mapema. Na katika saa za kazi za mikono, badala ya kusuka mikeka midogo ambayo haitumiki, darasa zima lisuke kofia. Hesabu za mduara na kipimo, ambazo watoto huzichukia ubaoni, zitafahamika vema wakizishika mikononi.

Wala tusidanganyane: kofia peke yake haitoshi. Mtoto avae nguo za mikono mirefu, apumzike kivulini wakati wa adhuhuri, na kidonda chochote kisichopona kwa majuma machache kipelekwe hospitali bila kungoja. Kidonda kikionwa mapema chaweza kukatwa na kwisha.

Kwa juma hili kazi ni ndogo: teremkeni bondeni, mkate majani machanga, mkayaanike. Mwambieni na jirani aliye na mtoto mwenye ualbino aje kusuka pamoja nanyi, kama hana mkindu karibu naye. Sindano zitangoja mpaka majani yakauke.